Seli 2, 3, 4 au 6: kuchagua mota isiyo na brashi na volti ya betri kwa gari la rimoti la mbio

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na wanaoanza mbio za magari ya rimoti ni hili: "Nikitoa betri ya seli 2 nikaweka ya seli 3, gari litakimbia zaidi?" Litakimbia, ndiyo. Ila kuna maswali mawili ya kujiuliza kabla ya hilo: mota iliyomo ilisukwa kwa ajili ya volti gani, na gia zake zilipangwa kwa mizunguko mingapi kwa dakika? Mtu akiyaruka hayo, pesa aliyojinyima miezi mitatu kununua betri huishia kuunguza mota ya bei ileile.

Yalinikuta. Nilikuwa na bagi, gari la mbio za vumbi, ya kipimo cha 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi) inayovuta kwa magurudumu yote manne, mota ya Kv 3,900, betri ya seli 2. Ilikwenda vizuri, sikuwa na cha kulalamika. Nikapata betri ya seli 3. Kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, kilikuwa kimeandikwa kinapokea seli 2 hadi 3, basi nikachomeka bila kugusa gia. Mzunguko wa kwanza nilifurahi kama mtoto. Dakika ya nne gari likaanza kulegea likitoka kwenye kona, kisha likasimama katikati ya uwanja. Nilipofungua bodi, harufu ya vanishi ya koili ilinifikia kabla sijagusa kitu. Stika ya kwenye ganda la mota ilikuwa imejikunja pembeni kama jani lililokauka. Nikadondosha tone la maji ya kunywa juu ya ganda. Likalia "tss" likakauka hapohapo. Mota ilipopoa ilizunguka tena, lakini sumaku zake zilishadhoofika: tangu siku ile ilikula umeme mwingi na kuvuta kidogo. Kidhibiti mwendo hakikuwa na kosa. Kiliandikwa kinahimili seli 3 na kweli kilihimili. Maandishi yale hayakuwa yanasema lolote kuhusu mota.

Kwa hiyo tuanze na ile namba ya Kv, maana ndiyo inayopotosha wengi. Kv ni idadi ya mizunguko ambayo mota hupiga kwa dakika kwa kila volti 1, ikiwa haijabeba mzigo. Haina uhusiano na kilovolti, wala haipimi ubora. Seli moja ya lipo (betri ya lithiamu-polima) ina volti 3.7 kwa jina, na ikijaa hufika 4.2. Mota yangu ya Kv 3,900, kwenye seli 2 zilizojaa, ilikuwa na uwezo wa kufika mizunguko 32,760. Kwenye seli 3 zilizojaa ikapewa ruhusa ya kufika 49,140. Kasi ikiongezeka mara moja na nusu, nguvu ya kuisukuma hewa tu hupanda zaidi ya mara tatu, na gia zangu zilikuwa zilezile. Nguvu hiyo yote ilitoka kwenye koili ile ndogo.

Fundi yeyote wa kusuka mota za pampu ataelewa upande wa pili haraka. Koili yenye mizunguko michache ya waya mnene hutoa Kv kubwa. Yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba hutoa Kv ndogo. Na kadiri Kv inavyokuwa kubwa, ndivyo kila ampea moja inavyozalisha nguvu kidogo ya kuzungusha ekseli. Mota ya Kv 2,000 hutoa nyutoni-mita 0.0048 hivi kwa kila ampea. Ya Kv 4,000 hutoa nusu yake, 0.0024. Hivyo mota ya Kv kubwa ni lazima imeze ampea nyingi ili ivute mzigo uleule.

Sasa ziweke betri nne kando kwa kando. Nimechagua Kv kwa makusudi ili mizunguko ilingane, halafu nikapiga hesabu ya ampea zinazohitajika kutoa wati 600, kiasi ambacho bagi ya mbio hukifikia bila shida inapotoka kwenye kona.

| Betri | Volti kwa jina | Volti ikijaa | Kv ya mota | Mizunguko kwa dakika | Ampea kwa wati 600 |
|---|---|---|---|---|---|
| Seli 2 | 7.4 | 8.4 | 4,000 | 29,600 | 81 |
| Seli 3 | 11.1 | 12.6 | 2,700 | 29,970 | 54 |
| Seli 4 | 14.8 | 16.8 | 2,000 | 29,600 | 41 |
| Seli 6 | 22.2 | 25.2 | 1,350 | 29,970 | 27 |

Magari haya manne, yakiwa na gia na matairi sawa, yatakimbia kasi moja. Isome tena safu ya mwisho, kwa sababu ndiyo sababu hasa ya watu kupandisha volti: wati zilezile zinapita kwa ampea chache. Joto linalopotea kwenye waya hufuata mraba wa ampea. Ukitoka ampea 81 kwenda 41, waya uleule, plagi ileile na risasi ileile uliyochomelea zitapata robo tu ya joto. Betri nayo hupumua. Chukua betri ya seli 2 yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 10: kwa ampea 81 inapoteza volti 0.8 kati ya 7.4, yaani zaidi ya asilimia 10. Ya seli 4 za aina ileile ina miliomu 20. Kwa ampea 41 nayo inapoteza volti 0.8, lakini kati ya 14.8. Ndiyo maana gari la seli 4 halilegei betri inapokaribia kuisha kama linavyolegea la seli 2.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulipita kimya. Ndani ya mota yenyewe hakuna faida hiyo. Mota iliyosukwa kwa volti mara mbili ina mizunguko mara mbili ya waya wenye eneo la mkato la nusu, kwa hiyo ukinzani wake ni mara nne, na joto la koili linabaki lilelile. Faida ya volti iko kwenye betri, waya, plagi na kidhibiti mwendo. Mota yako ikichemka kwa sababu ni ndogo kuliko gari, kupandisha volti hakutaiponya. Itaponywa na mota kubwa zaidi, gia nyepesi, au vyote viwili.

Watengenezaji wa magari yaliyo tayari kutoka kiwandani wanaifuata kanuni hiyo, ukiziangalia namba zao. Velineon ya Traxxas inayofungwa kwenye magari ya hadi seli 3 ni ya Kv 3,500. Typhon ya Arrma ya seli 3 ina Kv 3,200, ila ndugu yake wa seli 6 ana Kv 2,050. X-Maxx, lile dude la Traxxas la seli 8, lina Kv 1,200 tu. Volti zinapanda, Kv inashuka. Ukiona tangazo la mota ya Kv kubwa linalosifiwa kwa volti kubwa pia, iache hapohapo dukani.

Gari la 1/10: seli 2 au 3?

Kama lengo lako ni mbio za ushindani, sheria zimeshaamua. Chini ya ROAR, chama cha mbio za magari ya rimoti cha Marekani, na IFMAR, shirikisho la dunia, magari ya umeme ya 1/10, ya barabarani na ya vumbi, hukimbia kwa seli 2. Yale madogo bapa ya 1/12 hukimbia kwa seli 1 tu, volti 3.7, na asikudanganye mtu kwamba ni ya polepole. Yana uzito mdogo mno na yanashika zulia kama kupe. Anayejifunza kwa seli 3 leo kisha kesho akaingia mashindanoni itambidi ajifunze upya mahali pa kufunga breki.

Tuseme nyinyi mnakimbia wenyewe, marafiki sita kwenye uwanja wa vumbi, hakuna anayekagua. Hata hapo nachagua seli 2. Uwanja mwingi tunaoweza kuupata una mnyoofu wa mita 30 au 40 na kona nyingi zilizobana. Muda unapatikana kwenye kona, na gari la kilo moja na nusu lenye seli 3 hutumia nusu ya nguvu zake kuzungusha matairi bure na kutupa mchanga. Betri ya seli 3 nayo ni nzito zaidi, gari linageuka kwa uzito, linatua vibaya baada ya kuruka, na tofauti ya seli moja inatosha kubadilisha springi zinazokufaa. Kuhusu muda wa kukimbia, betri ya seli 2 ya mAh 5,000 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) ina wati-saa 37. Mbio za 1/10 kwa kawaida ni dakika 5. Ili uimalize kwa dakika hizo ungehitaji wastani wa wati 444 mfululizo, na mota ya daraja la kawaida haifiki huko.

Seli 3 ninaikubali kwenye 1/10 kwa mtu wa aina moja: mwenye gari zito la aina ya pikapu, uwanja mpana, na mota ndefu kuliko ya kawaida, ya Kv 3,200 kushuka. Hapo gari linavuta bila kulia na mota inabaki na joto linalovumilika.

Mizunguko 17.5, 13.5, au mota huru?

Mota za mbio za 1/10 mara nyingi haziandikwi Kv. Huandikwa idadi ya mizunguko ya waya. Kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo kasi inavyopanda. Ya 21.5 ni ya upole kabisa, 17.5 ndiyo daraja la kawaida la klabu nyingi Marekani, 13.5 iko juu yake, na zile za 6.5, 5.5 au 4.5 ni za daraja huru, wanakokimbia mabingwa.

Hapa hesabu moja inafundisha kuliko maelezo marefu. Mota ya 17.5 ina takriban Kv 2,200. Kwa volti 7.4 inapiga mizunguko 16,280 kwa dakika. Kwenye gari la barabarani lenye uwiano wa gia wa 4 kwa 1 (mota inazunguka mara nne, tairi mara moja) na tairi la milimita 63, hiyo ni kilomita 48 kwa saa. Mota ya 5.5, tuseme Kv 6,000, inapiga 44,400. Kv yake ni karibu mara tatu, lakini huwezi kuifunga kwa gia ya 4. Itaungua kabla ya kumaliza mzunguko. Inafungwa kwa 7.5 hivi, na kasi inatoka kilomita 70 kwa saa. Kasi imeongezeka kwa chini ya nusu. Kiasi kingine chote kimekwenda kwenye mchapuko, ule mruko wa kutoka kwenye kona, na mchapuko ndio unaowapeleka wanaoanza ukutani.

Niliwahi kumwachia kijana mmoja mota yangu ya 6.5 kwa mazoezi, alikuwa akiitamani sana. Kwa mizunguko kumi ya uwanja aligonga ubao mara saba. Tukamrudishia 17.5 yake. Mizunguko kumi iliyofuata aligonga mara moja tu, na muda wake wa jumla ukawa bora kuliko wa ile ya kwanza kwa mbali. Anayesogeza gari kwa mota ya polepole hulazimika kuutunza mwendo, kupita kona bila kufunga breki ovyo, kuchora mstari. Ustadi huo unabaki mkononi hata akihamia mota ya kasi.

Kwenye daraja la 17.5 kuna sharti la kidhibiti mwendo kisicho na nyongeza yoyote: taa yake huwaka na kuzima kuonyesha kwamba programu haitangulizi umeme wa koili, yaani haiupeleki mapema ili kuongeza kasi. Utangulizi pekee unaoruhusiwa ni ule wa kuzungusha kifuniko cha nyuma cha mota, chenye alama za digrii. Kila digrii unayoongeza inapandisha Kv kidogo, na inapandisha joto pia. Usiguse digrii kabla ya kumaliza kazi ya gia.

Faida nyingine ya daraja hili ni mfuko. Mota ya 17.5 haidai kidhibiti mwendo cha ampea 160 wala betri ya mbio ya toleo la mwisho. Kidhibiti cha ampea 60 chenye sensa, kama QuicRun 10BL60 ya Hobbywing, kinaibeba bila wasiwasi.

Gari la 1/8: seli 4 au 6?

Huku ndiko ninakoona pesa nyingi zikipotea. Bagi ya umeme ya 1/8 ina kilo zaidi ya 3, tairi kubwa, difu tatu. ROAR wameweka kikomo cha volti 14.8, yaani seli 4, na mota zinazopendwa kwa kazi hiyo ni za Kv kati ya 1,900 na 2,250. Magari mengi yaliyo tayari kutoka kiwandani, kwa upande wake, yanatangazwa kwa seli 6, kwa sababu video ya gari linalofika kilomita 90 inauza.

Piga hesabu kwa mota moja ya Kv 2,000, uwiano wa gia wa 11 kwa 1, tairi lenye mzingo wa sentimita 35. Kwa seli 4 unapata kama kilomita 56 kwa saa. Kwa seli 6, kilomita 85. Kilomita 85 kwa saa ni mita zaidi ya 23 kwa sekunde. Mnyoofu wa mita 40 unaisha kabla hujavuta pumzi ya pili, na bado hujafunga breki. Gari la kilo 3 na nusu likiukosa mpinduko kwa kasi hiyo linavunja mkono wa mbele, ekseli, na wakati mwingine mguu wa mtazamaji. Mguu wa mtu hauna spea.

Seli 6 ina mahali pake: kukimbia ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kwenye machimbo ya mchanga, au kwenye lami ndefu iliyofungwa, na kwa gari zito la kipimo cha 1/7 au zaidi. Ukiichagua, chukua mota ya Kv 1,350 hadi 1,700 badala ya ile ya 2,000 na zaidi. Utapata kasi inayotosha, na zile ampea chache za kwenye jedwali ndizo utakazofaidi. Mtu wa seli 6 mwenye Kv ndogo humaliza betri huku plagi zikiwa za vuguvugu. Wa seli 6 mwenye Kv kubwa ananunua plagi mpya kila mwezi.

Kwa mbio za vumbi, chaguo langu ni seli 4 na Kv 1,900 au 2,000. Sijawahi kukutana na uwanja wa klabu ambako nilihitaji zaidi.

Yenye sensa au isiyo na sensa?

Ile yenye sensa ina waya wa ziada mwembamba wenye nyuzi sita, unaokiambia kidhibiti mwendo sumaku iko wapi wakati wote. Isiyo na sensa inabidi kidhibiti kibahatishe hadi mota ianze kuzunguka, ndiyo maana hutetemeka na kukwamakwama ikianza polepole. Kwa mbio, na hasa 1/10, chukua yenye sensa. Kutoka kwenye kona ya polepole ndiko utakakoiona tofauti. Kwa gari la kuruka na kukimbia ovyo kwenye matope, isiyo na sensa ni rahisi, haina waya wa kukatika, na vumbi haliingii kwenye soketi yake. Kwenye 1/8 watu huishi na zote mbili. Nikipewa uhuru, nachukua yenye sensa huko pia.

Ukubwa wa ganda

Namba kama 3650 au 4274 husomwa hivi: mbili za mwanzo ni kipenyo kwa milimita, mbili za mwisho ni urefu. 3650 ni saizi ya kawaida ya 1/10. 4268 na 4274 ni za 1/8. Kabla ya kulipa, pima ekseli. Mota za 1/10 zina ekseli ya milimita 3.17, za 1/8 zina ya milimita 5, na gia ndogo (ile inayokaa kwenye ekseli ya mota) ya moja haiingii kwenye nyingine. Angalia na meno: 1/8 hutumia moduli 1 (kipimo cha ukubwa wa meno), wakati 1/10 zina meno madogo zaidi ya aina mbalimbali. Nimemwona mtu akisubiri mzigo kutoka nje wiki tano, ukafika na mota nzuri isiyoweza kukutana na gia yoyote mjini.

Mota za mbio za 1/10 zenye sensa kwa kawaida zina ncha 2 za sumaku na hukubali mizunguko mingi sana kwa dakika. Za 1/8 zina ncha 4, huvuta zaidi zikiwa chini, na ndizo zinazofaa kusukuma uzito.

Joto letu

Ushauri unaosambaa mitandaoni umeandikwa na watu wanaokimbia ndani ya ukumbi wenye zulia, nyuzi 20 au 22. Gia ambayo kwao inapandisha mota kwa nyuzi 55 juu ya hewa inaiacha kwenye 77. Gia hiyohiyo Dar es Salaam mchana wa Februari, hewa ikiwa 33, inaifikisha 88. Kikomo changu ni nyuzi 80 zikipimwa kwenye ganda mara gari linaposimama; ndani ya koili kuna joto zaidi, na sumaku za neodimiamu zikizidishiwa hupoteza nguvu zisirudishe. Kwa hiyo ukinakili mpangilio wa bingwa wa Ulaya, punguza jino moja au mawili kwenye gia ndogo kabla hujaanza. Nairobi hewa ni ya baridi zaidi, lakini kwenye mwinuko wa mita 1,700 ni nyepesi na haipoozi vizuri, hivyo usijiachie sana. Feni ndogo juu ya mota ni ununuzi wa bei ndogo unaolipa haraka kuliko mota ghali.

Gharama ambazo hazipo kwenye sanduku

Volti zikipanda, chaja nayo inapanda. Betri ya seli 2 ya mAh 5,000 ikijazwa kwa ampea 5 inahitaji wati 42 tu. Ya seli 4 inahitaji 84, ya seli 6 inahitaji 126. Chaja ya wati 50 iliyokuja na gari lako la kwanza itaijaza ile ya seli 6 kwa zaidi ya saa mbili, wakati wenzako wanaingia fainali.

Halafu kuna safari. Betri nyingi hutufikia kwenye mkoba wa mtu anayetoka Dubai au Guangzhou. Sheria za ndege zinaruhusu betri ya akiba ya hadi wati-saa 100 kwenye mzigo wa mkononi, ncha zikiwa zimezibwa; kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na zisizidi mbili. Kwenye mzigo wa kupakia chini haziruhusiwi. Betri ya seli 4 ya mAh 5,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya seli 6 ya mAh 5,000 ni 111, bila kibali hicho inazuiwa kwenye meza ya ukaguzi. Wengi hununua seli 3 mbili, kila moja wati-saa 55.5, na kuziunga kwa mfululizo ndani ya gari. Zikiunganishwa hivyo ziwe pacha kwelikweli: mtengenezaji mmoja, umri mmoja, chaji moja.

Na tafadhali, usijaze lipo kitandani wala juu ya zulia, usiiache peke yake ikichaji, na iliyovimba usiibembeleze. Ya kukaa wiki nzima iache kwenye volti 3.8 kwa seli, na isishuke chini ya 3.3 ukiwa uwanjani.

Ningenunua nini leo

Kwa anayeanza mbio na gari la 1/10: seli 2, mota ya 17.5 yenye sensa, kidhibiti cha ampea 60, betri ya mAh 5,000. Akishaweza kukimbia dakika 5 bila kugonga, 13.5 inamngoja. Kwa bagi ya 1/8: seli 4, Kv 1,900 hadi 2,000, ganda la 4268 au 4274, kidhibiti cha ampea 150. Kwa mwenye seli 3 tayari kwenye pikapu ya 1/10: abaki nayo, atafute mota ya 3660 au ndefu zaidi ya Kv 3,200 kushuka.

Siku ya kwanza anza na gia ndogo yenye meno machache kuliko yaliyopendekezwa. Kimbia dakika 2, simama, elekeza kipimajoto kwenye ganda la mota, kile cha bunduki ambacho wengi walikijua milangoni wakati wa korona. Ukisoma 60, maliza dakika 5 kisha upime tena. Ikiwa bado uko chini ya 70, ongeza jino moja. Ukisoma 80 kwenda juu, punguza mawili, iache mota ipoe mpaka mkono uweze kuishika, kisha urudi uwanjani.